Karavani Iliyoshinda Zawadi

Katika kambi ya likizo ya Tarrawil, kwenye pwani ya jimbo la Victoria, hapakuwa na karavani iliyopambwa kwa mbwembwe kama ya Neville Pocock, ambaye wote walimwita Nev. Ilikuwa nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, bati la alumini lililopigiliwa juu ya fremu ya mbao, na umri wake ulikaribiana na wa binti yake. Kila Oktoba msimu ulipofunguliwa, wenzake wakihangaika kufunga maturubai na kutafuta vigingi vilivyopotea, Nev alikuwa ameshashika brashi. Maisha yake yote alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka kule Ballarat. Alipostaafu kazi hakuistaafu imani yake, kwamba duniani hakuna ubovu usiotibika kwa mikono miwili ya rangi.

Mwaka huo alipania kupita kiasi, na sababu alikuwa nayo. Binti yake wa pekee, Kerryn, aliyekuwa akiishi Darwin, alikuwa amepiga simu kusema kwamba Krismasi atakuja kambini na mumewe na mtoto, na kwamba watalala karavanini. Kwa miaka mingi Krismasi za Kerryn zilikuwa zikiliwa kwa wakwe zake Brisbane, kwenye nyumba yenye bwawa la kuogelea na kiyoyozi kila chumba. Nev hakumwambia mtu, hata mkewe Glenys, lakini alikuwa na hofu. Aliwaza kwamba wakiikuta karavani imechakaa watalala usiku mmoja kwa adabu, wahamie hotelini, na mwaka unaofuata warudi zao bwawani. Mjukuu wake Mele alikuwa na miaka minne, na Nev alikuwa akimpenda kwa njia ya simu tu. Simu haikumtosha.

Basi akapaka. Chini akapiga buluu, juu rangi ya maziwa, katikati akapitisha mstari mwekundu ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi. Ubavuni kuelekea nyuma akaandika kwa herufi za dhahabu: MALKIA GLENYS. Ndani akabandika karatasi za ukutani zenye picha za malimau, na kila dirisha akalivalisha pazia jipya.

"Malimau mazuri," Glenys alisema, akisimama mlangoni na pua yake juu. "Lakini mzee wangu, humu ndani mbona kunanuka soksi?"

"Soksi zipi? Mimi nimevaa ndala tangu Oktoba."

"Ndiyo maana nauliza. Pale nyuma, penye kitanda. Panda unuse."

Nev alipanda, akanusa, akashuka. "Ni harufu ya rangi mbichi," alisema. Jioni ile ile alining'iniza vifuko vya maua makavu ya mrujuani ya kunukia nyuma ya pazia, na karavani ikawa inanuka soksi zilizopuliziwa manukato.

Jirani yake alikuwa Ċensu Farrugia, mzee wa Kimalta aliyefika nchi hii akiwa kijana na kuzoea kila kitu isipokuwa mkate wake. Karavani ya Farrugia ilikuwa na rangi ya uji uliopoa, na wapitaji waliitazama mara moja tu. Lakini kila msimu mzee huyo alilala chali chini yake na kuigonga mbao moja moja kwa mpini wa bisibisi, akisikiliza. Nev alizoea kumtania kwamba anamchunguza mgonjwa asiyetaka kufa.

Siku moja Farrugia alimkuta Nev amepiga magoti na bunduki ya silikoni, ile gundi ya kuzibia maji, mkononi. Alikuwa akiziba vitundu vidogo vilivyojipanga chini ya madirisha na kwenye ukingo wa chini wa bati, kimoja baada ya kingine, kwa furaha ya mtu anayeua kunguni.

"We jirani, unafanya nini?"

"Naziba. Mvua ikinyesha, maji yasipate pa kuingilia."

"Hivyo vimewekwa makusudi, bwana wewe! Maji huingia kwa juu, hapo chini ndipo yanapotokea. Ukiziba yatapita wapi?"

"Tundu ni tundu, Farrugia."

"Pua yako nayo ina matundu. Mbona hujaiziba?"

Glenys aliangua kicheko mpaka akaketi. Nev naye alicheka, kisha akaendelea kuziba, na ukweli ni kwamba alikuwa akiziba upya kile alichokuwa akiziba kila mwaka. Wahenga walituusia tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Nev aliushika wosia huo akaupindukia, akaziba hata palipoachwa wazi na waliojua kwa nini.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi kamati ya wanakambi ilipita kuchagua karavani bora, kama ilivyo desturi. Zawadi ilikuwa paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, pamoja na ngao ya shaba ya kutundika ukutani. Wanakamati walizunguka na kofia zao za majani, wakatazama buluu, wakasoma herufi za dhahabu, wakachungulia malimau. Hakuna aliyegonga popote. Nev alitangazwa mshindi, na makofi yalipigwa hadi kwenye foleni ya mabafu.

"Hongera, Malkia," Farrugia alimwambia Glenys kwa heshima zote. "Hilo paja mkishindwa kulimaliza, mimi sina makuu."

Nev aliingia ndani peke yake kutundika ngao, juu ya kitanda cha nyuma, mahali ambapo Kerryn angeiona akiingia tu. Akaweka skrubu, akazungusha bisibisi. Skrubu haikukaza. Ilizama yote kama iliyochomekwa kwenye keki, ikapotea na kichwa chake. Akajaribu pembeni, ikawa vile vile. Akabonyeza limau moja kwa kidole gumba, na limau likarudi nyuma. Kidole kilitoka kikiwa kimelowa.

Alikaa kitandani, ngao magotini. Hakuwa mjinga. Alijua kwamba nyuma ya malimau mbao ilikuwa imeoza, na alijua kuwa ukuta ule ndio ulioshikilia kitanda. Nje Glenys alikuwa akiliimbia paja la nguruwe. Kerryn angefika Jumatatu. Nev alijiambia kuwa ukuta uliosimama miaka yote hiyo hautashindwa wiki moja zaidi, na kwamba baada ya sikukuu ataufungua na kuutengeneza. Kisha akachukua kipande cha karatasi kilichobaki, akakibandika juu ya pale palipolowa, na ngao akaigundisha kwa silikoni.

Jumatatu ilifika na jua lake. Kerryn aliteremka garini akikimbia kama msichana, Mele akamfuata akiwa na koleo la mchanga mkononi, na nyuma yao akashuka mkwe, Viliami, Mtonga wa visiwa vya Tonga, mwenye mabega ya kujaza mlango na sauti laini isiyolingana nayo.

"Baba! Imekuwa nzuri kama sanduku la peremende!" Kerryn alisema, na Nev akampokea begi kwa furaha.

Glenys alimimina chai. Mele alitaka kuonyeshwa kitanda chake, akaonyeshwa kile cha nyuma, chini ya malimau. Viliami aliketi hapo kwanza ili ampishe mama mkwe apite na sinia. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, na kwa kuwa alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri, akaegemea ukuta.

Ukuta haukupiga kelele. Ulitoa pumzi tu, kama mtu aliyechoka kusema uongo. Malimau yalichanika kutoka juu hadi chini, bati likafunguka kama mlango, na Viliami pamoja na godoro, mto na ngao ya shaba akaondoka kinyumenyume mbele ya macho ya wakwe zake. Alitua kwenye majani upande wa pili, miguu juu, kikombe bado mkononi.

Farrugia alikuwa hapo nyuma akichoma soseji. Alimtazama mgeni aliyetoka ukutani, akageuza soseji moja.

"Karibu, kijana. Kwenu huwa mnapitia huko?"

"Samahani, mzee," Viliami alisema kutoka chini. "Sikumwaga chai."

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi kwenye maegesho ya boti. Kerryn alicheka mpaka akashika friji asianguke. Mele aliingia kwenye lile tundu akachungulia kati ya bati na mbao, kisha akapaza sauti kwa furaha ya mvumbuzi: "Bibi, njoo! Ukuta umeota uyoga!"

Nev peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama katikati ya karavani na birika mkononi, na uso wake ulikuwa umepoteza rangi.

"Pole, baba," Kerryn alimwambia, akifuta machozi. "Hukujua."

Hapo angeweza kunyamaza. "Nilijua," alisema. "Tangu Jumamosi. Nikabandika karatasi juu."

Kicheko cha Kerryn kilikatika. Alitazama kitanda, akamtazama mtoto wake aliyekuwa akichimbua uyoga kwa koleo. "Mele angelala hapo, baba. Ulijua, na ungemlaza hapo?"

"Niliona ni wiki moja tu."

"Kwa nini?"

"Niliogopa mtaondoka," Nev alisema. "Kule mna bwawa. Mimi nina hii tu. Nilitaka uione nzuri."

Glenys aliweka sinia chini polepole. Hata Farrugia aliacha soseji zake. Kerryn alikuwa amekasirika kwelikweli, na aliiacha hasira hiyo ionekane kabla ya kumshika baba yake mkono.

"Baba, ningetaka bwawa ningekwenda bwawani. Nimekuja kwako, sikuja kulala kwenye bango."

Nev alilia kidogo, kwa aibu na kwa nafuu, akiwa bado ameshika birika. Viliami alikuwa amekwisha simama, akajipangusa majani, akakagua lile tundu kutoka nje.

"Mzee," aliita kwa upole, "nyundo yako iko wapi?"

"Nyundo ninazo mimi," Farrugia alidakia. "Huyo ana brashi tu."

Krismasi ile ililiwa chini ya turubai. Wageni walilala huko huko juu ya magodoro, na paja la nguruwe lilikatwa vipande kwenye meza iliyojaa mbao na misumari. Farrugia alimpa Nev kisu, akamwamuru akwangue silikoni yake mwenyewe, kitundu kwa kitundu. Cha kwanza kilipofunguka, maji ya mvua za majira ya baridi ya katikati ya mwaka yalitoka meusi, yakanuka soksi, yakaendelea kutoka kwa muda mrefu huku wote wakiyatazama.

"Haya, jirani," Farrugia alisema. "Tundu ni nini?"

"Tundu si tundu," Nev alikiri.

Mbao walizozitoa zilivunjika mikononi kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Viliami aliingiza za msonobari mpya, Nev akazishikilia, Farrugia akazigonga na kusikiliza hadi akaridhika. Kerryn alipanda juu akaziba kiungo cha paa, mahali ambapo maji yalikuwa yakiingilia kweli na ambapo hakuna mpita njia ambaye angeona kazi yake. Ndani walipiga plaiwudi tupu. Bati la nje lilirudishwa likiwa na bonde la mgongo wa Viliami, na mstari mwekundu haukukutana tena na mwenzake. Neno MALKIA lilibaki, lakini GLENYS akaishia GLE. Ngao Nev aliirudisha kwa kamati kwa mikono yake, akaeleza sababu mbele ya watu, na mwenyekiti akaipokea bila kumtazama usoni, kwa kuwa naye alikuwa ameyasifu malimau.

Siku moja kabla ya wageni kuondoka, mchana, dhoruba ilikuja kutoka baharini. Maturubai ya kambi yalipigwa huku na huko, na kila aliyekuwa chini ya turubai la Nev akakimbilia karavanini, Farrugia akiwa wa kwanza kufika. Walibanana humo kama dagaa. Mvua ilitwanga paa kwa muda mrefu. Mele alijilaza kitanda cha nyuma, akageukia ukuta, akasinzia. Nev alipitisha kiganja kwenye plaiwudi, juu, katikati, chini kabisa, kisha akapitisha tena. Ukuta ulikuwa mkavu. Nje, chini ya madirisha, vile vitundu vilikuwa vikitema maji kama vilivyoumbiwa.

"Mwakani tuwekeeni nafasi," Kerryn alisema. "Brisbane nitawaambia mwenyewe."

"Hapa hapa?" Nev aliuliza.

"Hapa hapa. Lakini sikia, baba. Huu ukuta usiupake."

"Hata mkono mmoja tu?"

"Hata mmoja. Nataka niwe naziona mbao."

Msimu wote uliobaki wapita njia walikuwa wakisimama mbele ya lile bati lenye bonde na kuuliza iko wapi ile karavani iliyoshinda zawadi. Nev alikuwa akiwajibu bila kificho kwamba ndiyo hii, na kwamba sasa ndipo inapostahili kulalwa na mtoto. Ama ile waliyoisifu Desemba ilikuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na ya Nev ilikosa hata hicho kipande.