Siku Mtaa Mzima Ulipomtafuta Sekela

Wapendwa, twendeni pamoja mpaka Tukuyu, msimu ule wa mvua ambapo nguo hazikauki na mwenye mtoto mchanga hajui aanike wapi nepi. Palikuwa na mama mmoja kijana. Mumewe alikuwa kazini mbali, na yeye amebaki na mapacha wachanga pamoja na binti yao wa kwanza, Sekela, wa miaka minne.

Kina mama mlio hapa, kuna haja niwaeleze asubuhi yake ilikuwaje? Ukimlaza huyu, anaamka mwenzake. Uji nao unafurika jikoni. Na Sekela anavuta kanga, anataka mama aje aone kitu. Mama anamwambia angoje. Angoje kidogo. Jamani Sekela, si nimesema ungoje?

Siku hiyo jua likatoka. Mama akarukia beseni, akafua, akaanika, na alipofika kwenye nguo ya mwisho akashtuka: muda mrefu umepita na hakuna aliyemvuta kanga. Akaita. Kimya. Akatazama chumbani, uvunguni, chooni. Kimya. Na mto wa pale bondeni ulikuwa umejaa mpaka umeingia kwenye migomba.

Akapiga yowe, na mtaa wote ukamwagika nje. Fundi baiskeli aliacha gurudumu linazunguka lenyewe. Mwenye duka hakukumbuka hata kufunga. Vijana wakateremka mtoni na kamba, wazee wakapekua migomba, na kina mama wawili wakawabeba wale mapacha bila kuombwa. Kila upande jina ni moja tu, Sekela, Sekela! Mama mwenyewe alikimbia peku mpaka ukingoni, akataka kujitosa majini, wakamshika kwa nguvu.

Basi jirani yake mmoja akazunguka nyuma ya jiko la mama huyo. Akaona tenga kubwa la ndizi, limepinduliwa chini, linatikisika. Akalifunua. Sekela huyo! Amechuchumaa, mzima kabisa, anacheka mpaka mabega yanacheza.

Ndugu zangu, vigelegele vya siku ile! Watu wazima waliruka kama watoto. Wengine walicheka huku machozi yanawatoka. Mama alimkumbatia mwanawe. Kisha akamuuliza kwa nini hakuitika, na watu wote wale walikuwa wakimwita.

"Nilikuona kwenye matundu, mama," mtoto akasema. "Ulikuwa unanitafuta mimi. Nikataka unitafute tena kidogo."

Naona baadhi yenu mnamtazama mama aliyekaa karibu yenu. Msimtazame yeye. Sijamaliza.

Yule jirani aliyemwona mtoto alimshika mama bega, kwa upendo kabisa, akamwambia, "Mwenzangu, una wachanga wawili. Ungeniita tu nikushikie mmoja, nawe ukapata nafasi na huyu mkubwa."

Mama akamjibu taratibu, "Nilikuita jana, dada. Na juzi nilikuita. Ulinipungia mkono, ukasema unawahi ibadani."



Sasa niambieni, aliyekuwa anawahi ibadani ni nani, kama si sisi? Sisi tunajua sana kukimbia mtoto akipotea. Kamba tunazo, sauti tunazo, na huruma tunayo tele. Lakini siku mtoto yupo, mama yupo, na mikono ya mama haitoshi, sisi tuko wapi? Tunapita na Biblia kwapani. Tena mtoto akilia humu kanisani tunageuka kumtazama mama yake kama aliyetukosea! Je, Bwana aliposema waacheni watoto wadogo waje kwangu, tulidhani watakuja peke yao, bila mtu wa kuwabeba?

Tukitoka hapa leo, pale mlangoni utamkuta mama mwenye mmoja mgongoni na mwingine anamvuta nguo. Usimpe pole, ukapita. Nyoosha mikono, mpokee mtoto.