Jina Lililofutwa Mlangoni mwa Ngome

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na jiwe!

Likawa na jina!

Basi, katika nchi ya milima mikavu palikuwa na mfalme, Rusharu. Alitaka ngome. Watu wake wakajenga ukuta, ukaanguka. Wakajenga tena, ukaanguka. Wakajenga mara ya tatu, ukaanguka na kuua watu saba.

Siku moja zimwi likatoka pangoni. Jina lake Harduku.

"Nitakujengea mimi."

"Unataka ng'ombe?" akauliza mfalme.

"Sitaki ng'ombe."

"Unataka dhahabu?"

"Sitaki dhahabu. Chonga jina langu mlangoni, na chini yake uchonge hivi: Atakayelifuta, jua lisimwone tena, yeye na mwanawe."

Mfalme akakubali upesi upesi.

Kwa siku tatu zimwi likapanga mawe makubwa kama nyumba. Erimu, mchongaji wa mfalme, akachonga jina na laana. Zimwi likayapapasa maandishi, likacheka, likarudi pangoni kulala.

Mfalme akautazama ukuta, roho ikamuuma.

"Wageni waseme nimejengewa na zimwi? Erimu, futa jina hilo, uweke langu."

"Bwana wangu, na laana je? Nina binti mmoja tu, Tariri."

"Laana ni ya mkono unaofuta. Usipofuta, Tariri namtupa kutoka juu ya ukuta, sasa hivi."

Mnaona, watoto? Akifuta, mtoto amekwenda. Asipofuta, mtoto amekwenda. Mfalme wa namna hiyo mimi simpendi hata kidogo.

Basi Erimu akashika patasi. Akagonga huku analia. Akagonga, akagonga, akagonga, hadi ikabaki alama moja ya jina. Hapo akasimama. Katika nchi ile, jiwe la mfalme halimaliziki mpaka mfalme mwenyewe alipige pigo la mwisho.

"Pigo lako, bwana wangu."

Mfalme, kwa kiburi chake, hata hakufikiri. Akapiga. Jina likaisha.

Ardhi ikatetemeka. Zimwi likaja.

"Nani kalimaliza jina langu?"

Mfalme akarudi nyuma.

"Nani kalimaliza jina langu?"

Mfalme akajificha nyuma ya Erimu.

"Nani kalimaliza jina langu?"

"Mfalme," akasema Erimu.

Zimwi likammeza mfalme. Likaingia ndani, likammeza na mwanawe, kitoto kisicho na kosa lolote. Inauma, lakini ndivyo ilivyochongwa.

"Na nani alianza kulifuta?"

Erimu angeweza kunyamaza. Akamtazama Tariri pale ukutani, machozi yakamtoka.

"Ni mimi. Kwa mkono huu."

"Wewe hukulimaliza. Basi nipe huo mkono tu."

Likaung'oa begani, likaenda zake. Tariri akampeleka baba yake nyumbani, naye ndiye akawa anamlisha.

Ngome ile ilibaki imesimama. Mlangoni pana pengo, na chini ya pengo ile laana. Hakuna aliyethubutu kuchonga jina lake pale.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni penye pengo. Nanyi, mtu akifanya kazi, mtajeni kwa jina lake. Msiichukue mkaiita yenu.