Nyumba ya Bi Kanga Kwenye Udongo Mweusi

Paukwa!
Pakawa!
Nyie wa nyuma hamkuitika. Paukwa!
Pakawa!

Zamani hizo, wanyama walipokuwa wakijijengea wenyewe, Bi Kanga alikuwa na vifaranga sita na hakuwa na nyumba. Akapata kiwanja kwenye udongo mweusi. Kilikuwa kiangazi, ardhi imekauka kau! Akasomba mawe, rundo zima, kisha akamwita fundi Tumbili.

Fuko, jirani yake wa chini ya ardhi, akatoa pua.

"Bi Kanga, mawe hayo ni ya msingi. Chimbeni mtaro mpaka ardhi isiyolegea, myapange humo, ndipo mpandishe ukuta."

"Niyazike? Kwani yamekufa?"

Tumbili akacheka. Akaikanyaga ardhi. Ti! Ti! Ti! "Ngumu kuliko hii utaitoa wapi, kipofu wewe?"

"Nyie mnaujua udongo huu wakati wa jua. Mimi naujua wakati wa mvua. Ukinywa maji unavimba, unalegea."

"Rudi shimoni kwako!" Tumbili akamfukuza.

Bi Kanga alitaka mawe yake yaonekane. Akajengewa baraza pana la mawe hayo, majirani waje wakae, waone. Kuta zikawekwa juu ya ardhi tupu, kama chungu juu ya mkeka.

Mvua ikaja. Chwa, chwa, chwa! Siku ya kwanza Bi Kanga akajisifu, ndani kukavu. Siku ya pili akaona ufa mwembamba kama unywele. Akaupaka tope, akanyamaza. Siku ya tatu asubuhi akawafungia vifaranga ndani, akaenda kutafuta kumbikumbi.

Anarudi, haamini macho yake. Lo! Nyumba imeinama kama mlevi! Pembe moja imezama. Ule ufa sasa unaingia ncha ya bawa. Akauvamia mlango, akavuta. Wapi! Fremu imepinda, imeubana.

"Mama! Piyo! Piyo!"

"Fundi! Fundi Tumbili, njoo!"

Tumbili yuko juu ya mti. "Mimi kazi yangu nilishamaliza, Bi Kanga!"

Ukuta ukalia: kwaa!

"Nipishe," akasema Fuko. Akazama topeni. Fuku, fuku, fuku. Kifaranga wa kwanza akachomoza chini ya ukuta. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Fuko akarudi kumfuata wa sita, na hapo ndipo nyumba ilipoanguka: gubuu!

Bi Kanga akarukia kifusi. Akaparua kwa makucha, akaparua.

Tope likatikisika. Fuko akatoka na kifaranga wa sita mdomoni; kifaranga mguu umevunjika, lakini yu hai.

"Umepitaje?" Bi Kanga akauliza. "Kuta zangu zilikuwa nene!"

"Nene juu. Chini hamkuwa na kitu. Nimepita kama napita mlangoni. Maji nayo yalipita hapo hapo."

Bi Kanga akaanza kuokota mawe yake topeni, moja moja.

Kiangazi kilichofuata alijenga tena. Tumbili akarudishwa kazini, akachimba mtaro, Bi Kanga amesimama ukingoni: "Bado! Chimba!" Akachimba mpaka jembe likagonga mwamba: ng'e! Mawe yakapangwa humo, ndipo ukuta ukapandishwa.

Basi sikieni. Msingi ndio unaobeba uzito wote wa nyumba na kuufikisha kwenye ardhi isiyocheza. Usipoujenga kwa sababu hauonekani, unawalaza watoto wako chini ya ukuta utakaowaangukia.

Ngano yangu imekomea hapo. Wa kulala akalale, wa kujenga akachimbe.