Kuchakulo Ampangia Bwana Ngiri Nyumba

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mmekaa?"

"Tumekaa!"

"Kila mtu kakaa mahali pake, au kuna aliyekalia pa mwenzake?"

"Kila mtu mahali pake!"

"Haya, tegeni masikio."

Hapo kale alikuwapo Kuchakulo, yule mnyama mdogo mwenye mkia kama ufagio. Alikuwa na watoto wengi na mambo yake yalikuwa na mpango. Shambani, jembe lake likimaliza kazi huoshwa, likatundikwa. Nyumbani, choroko zina chungu chake, karanga zina kikapu chake, mbegu za msimu ujao zina kibuyu chake. Ukimwomba punje moja tu, ananyoosha mkono bila kutazama: hii hapa.

Jirani yake alikuwa Bwana Ngiri. Nguvu anazo, meno yamepinda kama mundu, tumbo kama pipa. Lakini nyumba yake sasa! Muhogo kitandani, mahindi chini ya mkeka, jembe ndani ya sufuria. Kila alichovuna alikitupa humo, pu! akakisahau. Njaa ikimshika anapekua, kro! kro! kro! haoni kitu. Basi anatoka kwenda kwa majirani. Wala hakwenda kuiba, mwenyewe akisema. Alikwenda na sababu yake.

Alianza kwa Kanga.

"Kanga, mtama huu ni wangu."

"Wako vipi, bwana? Nimeulima mwenyewe."

"Kwangu mtama umepotea. Kwako mtama umeonekana. Sasa ni wa nani?"

Kanga akayatazama yale meno. "Ni wako, bwana."

Kro! kro! kro! Ngiri akabeba.

Akaenda kwa Kobe.

"Kobe, maboga haya ni yangu."

"Yako vipi, bwana?"

"Kwangu maboga yamepotea. Kwako maboga yameonekana. Sasa ni ya nani?"

Kobe akaingiza kichwa ndani. Sauti ikatokea gambani: "Ni yako, bwana."

Kro! kro! kro! Ngiri akabeba.

Kisha akaja kwa Kuchakulo. Mawingu ya masika yalikuwa yameshajikusanya, na kile kilichokuwa kwenye vyungu ndicho watoto wangekula mpaka mvua ikatike.

"Kuchakulo, choroko hizi ni zangu. Karanga hizi ni zangu. Kwangu zimepotea, kwako zimeonekana."

Kuchakulo akawatupia jicho watoto wake. Lakini alipomtazama Ngiri vizuri aliona ganda la ndizi limemganda kisogoni, na mwenyewe hana habari. Akajua pa kumshikia.

"Ni zako, bwana, beba zote," akasema. "Ila nakuonea huruma. Zikifika kwako zitapotea tena. Mtu mkubwa kama wewe kupekuapekua kama kuku jalalani, inapendeza? Niache nije nikupangie nyumba."

"Mpaka kila kitu kiwe mahali pake?"

"Kila kitu mahali pake, bwana. Lakini kazi hii haitaki mwenye nyumba awepo. Wewe nenda kagaegae topeni. Nikimaliza nitakuita."

Kro! kro! kro! Ngiri akabeba, akazitupa nyumbani kwake, kisha akaenda zake topeni. Kuchakulo akashika ufagio, fya! fya! fya! Akaokota mtama. Mahali pake ni wapi? Kwa Kanga. Akaupeleka. Akaokota maboga. Mahali pake ni wapi? Kwa Kobe. Akayasukuma, biringi, biringi, mpaka mlangoni kwa Kobe. Choroko na karanga zikarudi nyumbani kwa watoto. Mahindi ya Ngiri yalikuwa yameoza yote, akayapeleka shimo la taka. Kikabaki kikapu kimoja cha muhogo. Huo ulikuwa wa Ngiri kweli, akauweka pembeni vizuri, akaufunika.

Ngiri akapaza sauti kutoka topeni: "Kuchakulo! Mtama umepata mahali pake?"

"Umepata, bwana!"

"Na maboga?"

"Yamepata!"

"Na choroko?"

"Zimetulia kabisa, bwana!"

Alipoitwa, Ngiri alisimama mlangoni akaduwaa. Sakafu inang'aa! Tangu aingie nyumba ile hakuwahi kuiona sakafu. Alitaka kuuliza mtama umekaa wapi, akaona aibu. Mwenye nyumba aulize vitu vyake viko wapi?

"Bwana," Kuchakulo akasema, "nyumba kama hii utaitazama peke yako?"

Loo! Ngiri akawaita majirani. Akatamba huku na huku. "Tazameni! Kila kitu mahali pake!"

"Bwana," Kuchakulo akauliza taratibu, "kuna chako chochote kilichopotea?"

"Kipotee? Ndani ya nyumba hii?"

"Hata punje?"

"Hata punje!"

"Tumesikia," akasema Kanga.

"Tumesikia," akasema Kobe, kichwa chote kiko nje.

Muhogo haukuchukua muda kwisha. Mvua ikaanza, Ngiri akatoka na njaa yake moja kwa moja mpaka kwa Kuchakulo.

"Kuchakulo, choroko hizi ni..."

"Zimepotea kwako, bwana?" Kuchakulo akauliza kwa sauti kubwa. Kanga akatoa shingo. Kobe akatoa kichwa.

Ngiri akawatazama wote wawili. Akisema zimepotea, ameumbuka mbele ya majirani. Akisema hazijapotea, anadai nini? Maji ya mvua yakamtiririka puani.

"La," akasema mwishowe. "Nimekuja kuazima ufagio."

"Karibu, bwana. Huo hapo."

Masika yote Ngiri alichimba mizizi kwa pua yake, kwenye matope, na kila aliyepita alimwambia nyumba yake ni safi kuliko zote.

Basi, wanangu, mmejifunza nini? Msipange vitu! Anayepanga vitu vyake hujua kilichopungua, na akijua kilichopungua humkosesha raha yule aliyekichukua. Wahurumieni wenye nguvu. Laleni na muhogo kitandani.

Hadithi imekwisha, koo limekauka. Ikiwa imewapendeza, nipeni maji. Ikiwa haikuwapendeza, nipeni maji vilevile.