Adhana Iliyolitangulia Jua

Wamepokezana watu wa kheri, kizazi baada ya kizazi, na ajuaye hakika ni Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba katika milima ya Yemen palikuwa na mji uliokaa bondeni kabisa, na katika mji huo aliishi mja mwema aitwaye Jubeir bin Nasib, muadhini. Nawasimulieni habari zake leo kwa sababu nimechoka. Ndiyo, nimechoka! Kila nikitoka msikitini hapa nakutana na mtu anayenung'unikia sauti ya muadhini wetu. Basi kaeni msikilize, na anayetaka kukohoa akohoe sasa.

Jubeir, Mola amrehemu, alikuwa na sauti mbaya. Sisemi ya wastani, nasema mbaya. Ilianza chini ikikwaruza, ikifika kwenye "Hayya alas-swala" ikapasuka katikati, na punda wa mji ule wakaitikia. Mwenyewe alilijua hilo kuliko wote. Alikunywa asali, akanywa tangawizi, akatafuna habasoda mpaka tumbo likamuuma, na sauti ikabaki ile ile. Akirudi nyumbani humwambia mkewe, Bi Rumeitha, "Leo naona imekuwa nafuu kidogo." Na Bi Rumeitha, ambaye uongo ulimshinda kabisa, humjibu, "Kunywa uji wako, baba."

Lakini aliipenda kazi ile. Aliipokea kwa sheikh wake aliyemlea, na hakuna jambo la dunia lililomfurahisha kama kusimama na kulitukuza jina la Mola wake kwa nguvu zake zote.

Sasa, mji ule ulikuwa na jambo lake. Kwa kuwa umezungukwa na milima, jua liliwapotea mapema, Alasiri ingali mbichi, na bondeni kukaingia kivuli ungedhani ni Magharibi. Mgeni asiyejua angefuturu mchana kweupe. Kwa hiyo wazee wao walijenga mnara juu kabisa ya mlima, na desturi ikawa kwamba adhana ya Magharibi hutolewa huko, na mtu anayeliona jua likizama kweli kweli upande wa pili. Mwezi wa Ramadhani hakuna aliyegusa hata tende mpaka asikie sauti kutoka juu. Funga ya mji mzima iliyategemea macho ya mtu mmoja.

Je, walilifikiria hilo? Hata! Walifikiria sauti tu.

Shaabani ilipokaribia kwisha, walimwendea Imamu Shaddad, wakiongozwa na Mzee Ghalib, muuza ngozi, mtu wa maneno mengi. "Sheikh," akasema, "tumevumilia vya kutosha. Mtu unashinda na kiu mchana kutwa, unangoja neno la kukuburudisha, unaletewa lile lisauti! Na Wahbi yupo. Kijana anasoma kasida mpaka watu wazima wanatokwa na machozi."

"Mola amewapeni muadhini mwaminifu, nyinyi mnataka mwimbaji?" akauliza Imamu.

Wakaondoka, wakarudi. Wakafukuzwa, wakarudi tena. Wakamfuata nyumbani, wakamfuata kisimani, wakamfuata hata kwenye maziko ya watu. Imamu naye ni binadamu. Siku moja uzalendo ukamshinda, akapiga kelele, "Haya, mchukueni Wahbi wenu, mniache nipumue!"

Jubeir alipoambiwa alilia, na hakujificha kulia. Bi Rumeitha yeye aliwaka moto. "Na goti lako lile bovu, umepanda mlima ule mvua na jua, leo wanakutupa kama ganda la muwa! Nenda kawaambie!"

"Nikawaambie nini, mama? Kwamba sauti yangu ni nzuri?"

Bi Rumeitha akamsogezea bakuli la uji. Jubeir akajifuta uso, akamtafuta Wahbi, akamkabidhi ufunguo wa mnara na neno moja tu: "Mwanangu, usiadhini mpaka jua lote limezama. Kikibaki kipande, ngoja. Watapiga kelele huko chini. Wewe ngoja."

"Nimekusikia, mzee wangu," akasema Wahbi, na alisema kwa adabu.

Ramadhani ikaingia, na kwa hakika Wahbi alikuwa na sauti, Subhana Llah! Ilishuka bondeni laini, mtu akasahau njaa. Watu wakaanza kutoka majumbani na tende zao mkononi, wakapanda na kukusanyika chini ya mnara, ubavuni mwa mlima upande wa bondeni jua lisikoonekana, ili waisikie kwa karibu. Akimaliza, wakamsifu kwa majina. Na Wahbi akaanza kuzingoja sifa zile. Hapo ndipo penye ugonjwa, jamani. Muadhini hungoja jua. Akianza kungoja sifa, ameshapotea.

Ikaja siku moja ya joto kali, siku ya ulimi kukauka mdomoni. Umati ulijaa chini ya mnara, na Mzee Ghalib mbele yao. "Wahbi, bado tu? Unatuua! Tupe sauti, mwanangu, tupe!" Wahbi akatazama upande wa pili. Jua lilikuwa limezama isipokuwa kipande kidogo, chembamba kama ukucha. Akatazama chini, akaona nyuso zimeinuliwa kwake, zote zinamngoja yeye. Akasema moyoni, kile si kitu, kimeshakwisha kile. Akaadhini, na mji mzima ukafuturu.

Alipofika kwenye "La ilaha illa Llah" akageuka. Kipande kile kilikuwa kingalipo.

Akashuka mbio. Alimkuta Jubeir mlangoni mwa msikiti, tende mdomoni, akamvuta kando na kumweleza yote. "Nimewafuturisha watu na jua lipo, mzee wangu. Hakuna aliyeona ila mimi. Nifanyeje?"

Wanasimulia kwamba moyo wa Jubeir uliruka kwa furaha. Kazi yake imerudi! Kisha akaionea haya furaha ile, akaitema tende, akaleta istighfari. "Kaseme mwenyewe," akamwambia. "Nikisema mimi watasema ni kijicho, na wewe utabaki na mzigo wako."

"Watanila nyama!"

"Watakula. Kaseme."

Baada ya swala Wahbi akasimama, akasema mbele ya watu wote kwamba aliadhini kabla ya wakati, na kwamba kila mmoja wao ana siku ya kulipa. Pakalipuka. Na mnajua walikasirikia nini? Si funga iliyovunjika. Walikasirikia kuambiwa! "Siku yote ile ya jua kali, tuirudie?" akapiga kelele Mzee Ghalib. "Si ungenyamaza, ukatubu kimya kimya na Mola wako!"

"Anyamaze?" Imamu Shaddad alisimama, kilemba kimekaa upande. "Mlimtoa Jubeir kwa sababu ya koo lake, mkampandisha huyu, mkamkalia chini ya mnara mkimhimiza, na sasa mnataka awafiche? Mna haya nyinyi?"

Wakainamisha vichwa. Hatimaye Mzee Ghalib akasema, "Basi Sheikh Jubeir arudi. Sauti yake tutaivumilia."

"Mtaivumilia!" Jubeir akasimama, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameghadhibika. "Sauti yangu ni mbaya, nayajua hayo kabla yenu. Lakini huyu kijana angeweza kuwaficha mpaka kaburini, na asingejua mtu. Amesimama akajivunjia heshima yake kwa ajili ya funga zenu. Mtamwamini nani tena kama si yeye? Mnara ni wake. Mimi nipeni Alfajiri, pale juu ya dari ya msikiti, basi."

Wakampa, kwa haya waliyokuwa nayo. Na toka siku ile Wahbi hakuadhini Magharibi ila jua limezama lote, wapige kelele wasipige.

Na Alfajiri? Wahbi alipokuwa akiadhini Alfajiri, watu walisikia, wakasema "Mashaallah," wakavuta shuka, wakalala vizuri zaidi. Jubeir alipoanza, hakulala mtu. Aliamka mzima, akaamka mgonjwa, wakaamka na punda. Mzee Ghalib aliinuka akilaani usingizi uliokatika, akamkuta mkewe ameshatia udhu, akatia na yeye kwa kununa, akaenda msikitini. Safu za Alfajiri zikajaa kuliko zilivyopata kujaa katika mji ule.

Sauti ni riziki, ndugu zangu, Mola humpa amtakaye na kumnyima amtakaye, na hatoulizwa mja kwa nini ilikwaruza. Ataulizwa alisema kweli? Na aliyeisikia ataulizwa aliitika? Mola atujaalie ulimi wa kukiri na mguu wa kuitika. Na kesho Alfajiri nitazitazama safu.