Unga wa Mizizi

Pupa na bidii hufanana kwa mbali kama chumvi na sukari. Ulimi ndio unaozitenganisha. Mwenye bidii hufanya kinachotakiwa, akamaliza, akangoja. Mwenye pupa naye hufanya kinachotakiwa, kisha akaongeza lake juu, kwa sababu moyo wake haujui kukaa. Wahenga walimtazama mtu wa namna hii wakasema: mwenye pupa hadiriki kula tamu. Maana yake ni kwamba jambo analolikimbiza humharibikia mikononi kabla halijafika kinywani. Anayebisha na asikilize yaliyompata Rosalia wa Gongo la Mboto.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Rosalia na mumewe Albano walikuwa wametoka kusini, upande wa Masasi. Albano alikuwa seremala Keko. Aliwachongea watu vitanda kando ya barabara, ilhali yeye na familia yake walihama chumba baada ya chumba kama paka ahamishaye watoto wake. Mwenye nyumba huyu alitaka chumba kwa ajili ya mwanawe, yule alichoshwa na kilio cha mtoto. Ndiyo maana siku jumbe wa Gongo la Mboto, Mzee Fakihi, alipowakatia kipande cha pori kandokando ya Barabara ya Pugu, Rosalia alipiga magoti akaishika ile ardhi kwa viganja viwili.

Jumbe hakutoa bure. Sharti lake lilikuwa moja.

"Pandeni miti ya kudumu," aliwaambia. "Muhogo hauhesabiwi. Mvua za vuli zikiisha nitakuja, nitavuta kila mti kwa mkono wangu. Ukishika, ardhi ni yenu na watoto wenu. Uking'oka, nampa mwingine. Wanaongoja ni wengi."

Alikuwa na sababu ya kuvuta. Wajanja walikuwa wakichomeka matawi mabichi asubuhi ya ukaguzi, yakasimama wima kama askari wa gwaride, na kufikia jioni yote yamenyauka.

Shamba la jirani alipewa Mwamvita, mjane wa Kizaramo, mcheshi, mwenye ulimi mwepesi na mkono mtulivu. Rosalia alimpenda tangu siku ya kwanza. Mwenye nyumba wao wa Keko alipoukata mkomamanga wa uani ili aongeze chumba, Rosalia alikusanya matawi yote, akayabeba kichwani hadi Gongo la Mboto, na nusu akampa Mwamvita. Mkomamanga mwingine wa kukata hawakuwa nao. Matawi yale yalikuwa ndiyo hayo hayo, na mvua za vuli zilikuwa zimekwisha kuanza.

Bwana shamba wa eneo lile aliitwa Audax, kijana wa Bukoba, mwembamba kama ufito. Aliwakuta wakikata vipando, akatoa mfukoni vikopo viwili vidogo vyenye unga mweupe, akampa kila mmoja chake.

"Unga huu ni wa mizizi," alisema.

"Mbolea?" aliuliza Rosalia.

"Hapana, mama. Mti una cha kwake ndani. Vichipukizi na majani machanga ya kileleni hukitengeneza, kikashuka polepole chini ya gome. Ukilikata tawi, kinafika penye mkato na kukosa pa kupita, kinajikusanya pale. Hapo ndipo kinapoliamrisha tawi litoe mizizi. Wataalamu wanakiita homoni. Unga huu ni ndugu yake. Tunautia kidogo tu, kuusaidia mti kufanya kazi yake. Na majani mawili matatu ya juu msiyanyofoe. Ukiyanyofoa, umemziba mdomo mtoa amri."

"Na ukizidi?" Mwamvita aliuliza.

"Ukizidi hugeuka. Mtu ukimpigia kelele sikioni hasikii neno, anaziba masikio tu. Tawi nalo litavimba, litafura, mwisho litaoza. Gusisha ncha ya chini, kung'uta, panda. Kisha ngojeni. Msifukue."

Alipokwisha kwenda zake, Rosalia alibinua midomo.

"Shoga, watu wa serikali mie nawajua. Wakikupa kitu kwa ncha ya kidole, ujue gunia wamelificha."

"Basi mfuate ukamwibie gunia," Mwamvita alicheka. "Mie nitagusisha ncha kama nilivyoambiwa. Nimezeeka, sina nguvu za kushindana na unga."

Jioni ile Albano, aliporudi kutoka Keko, alimkuta mkewe amechuchumaa mbele ya bakuli, nje ya kibanda walichokwisha kujijengea shambani. Amekoroga unga kwa maji mpaka ukawa uji mzito, na vipando vimesimama ndani yake kama miguu ya watu wanaovuka tope. Majani alikuwa ameyanyofoa yote, yasije yakanywa maji ya mizizi.

"Mama Yuliana, ndivyo alivyosema bwana shamba?"

"Alisema unasaidia. Kama kidogo kinasaidia, kingi kitafanyaje?"

Albano alikaa juu ya gogo, akaangalia mikono yake yenye ugumu wa gundi kavu. "Mie nikiunga mguu wa kiti, gundi napaka nyembamba. Ikizidi, kiungo hakikazi. Mteja anakaa, anaanguka, ananitukania mama yangu."

"Huu mti, si kiti."

"Haya. Wewe ndiye mwenye shamba," alisema Albano.

Kwa kweli Rosalia hakuwa mpumbavu. Alikuwa na hofu. Kila alipofumba macho alimwona mwenye nyumba amesimama mlangoni na kitasa kipya mkononi. Mvua ilionekana kwake fupi, na mkono wa jumbe mrefu. Alipanda vipando vyake akavimwagia ule uji uliobaki, hadi tone la mwisho.

Hakungoja sana. Mchana mmoja alifukua udongo kwa kidole na kukuta shina la kipando limenenepa, limejaa chini kama tumbo la mja mzito. Alikimbia hadi uani kwa Mwamvita.

"Njoo uone! Vyangu vimeshiba. Vyako vimelala."

Mwamvita alikuja, akainama, akatazama kwa muda.

"Naona unene," alisema. "Mizizi ndiyo ipi?"

"Inakuja. Mimba hutangulia mtoto."

"Na uvimbe je, shoga yangu? Nao huanza hivyo hivyo."

Rosalia alinuna siku nzima. Lakini akaendelea kufukua, leo hiki, kesho kile, akifunika upesi kama aliyeiba. Unene uliacha kuongezeka. Ganda likapasuka. Kisha akaanza kusikia harufu mbaya kila alipofukua, na ncha ya kidole chake ikatoka nyeusi. Hakumwambia mtu. Juu ya ardhi vipando vilikuwa bado vimesimama, na yeye akajishika na hilo.

Mvua zilikatika. Habari zikaja kwamba jumbe ameanza kupita mashambani.

Asubuhi ya zamu yao, Mwamvita alipita na mtungi. "Nakwenda kisimani. Nitazamie mbuzi wasije wakaingia kwangu."

Rosalia alibaki peke yake kati ya mashamba mawili. Vipando vya Mwamvita vilikuwa vimetoa majani mapya, madogo, mekundu kwa mbali. Vyake vilikuwa vijiti. Aliitazama njia ya kisimani, haina mtu. Kisima kilikuwa mbali. Mkono wa kulia wang'oa, wa kushoto wachomeka. Nani angejua mkomamanga huu umelala wapi jana? Yote ilitoka mti mmoja, na matawi aliyabeba yeye kichwani.

Alivuka mpaka. Akainama, akashika kipando cha kwanza, akavuta.

Kilimvuta naye.

Hakikuwa na nguvu, mti mchanga tu. Lakini chini mle mlikuwa na kitu kilichoshika, kilichokataa, kama kidole cha mtoto mchanga kinapokukamata nawe hukutarajia. Aliona kwamba akikaza mkono kidogo tu, vile vinyuzi vya mizizi vitakatika, na mti hautakuwa wake wala wa Mwamvita. Alikaa hivyo, jasho linamtiririka mgongoni. Kisha akaachia. Akashindilia udongo kwa kiganja, taratibu, akarudi upande wake, akaketi.

Jumbe alifika jua likiwa limepanda, fimbo kwapani, na watu wawili nyuma yake.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba, mama. Hamjambo hapa?"

Alianza kwa Mwamvita. Akainama, akavuta. Kikashika. Akavuta cha pili, kikashika. Akaenda mstari mzima, kimoja tu kikang'oka, akacheka. "Huyu alikuwa mvivu. Wenzake wamefanya kazi."

Akavuka mpaka. Albano, ambaye siku hiyo hakwenda Keko, alimshika mtoto wao Yuliana begani. Jumbe alivuta kipando cha kwanza cha Rosalia, kikatoka bila sauti, kama kisu kinavyotoka kwenye siagi. Chini yake palikuwa na bonge jeusi lililopasuka, bila hata unywele mmoja wa mzizi. Akavuta kingine. Bonge. Kingine. Bonge. Watu wale wawili walisogea kuona. Jumbe mwenyewe alianza kuvuta polepole zaidi, kana kwamba anatafuta hata kimoja cha kumponya. Alifika mwisho wa mstari mikono mitupu.

"Mama, uliwapa nini hawa?"

"Niliwapa kingi, jumbe."

"Nipe mpaka masika, mzee wangu," Albano aliingilia. "Tutapanda tena."

"Baba, anayengoja naye ana watoto, na nilimwambia maneno haya haya niliyowaambia nyinyi." Alijifuta mikono kwenye kanzu. "Nikikuachia wewe, nitamfukuzia nini mwingine?"

Hakuna aliyelia. Kabla ya jua kutua walikuwa wamefunga virago, kitanda kimepinduliwa juu ya mkokoteni, na safari ni ya kurudi Keko, kutafuta chumba. Mwamvita aliwasindikiza hadi barabarani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikuta nyayo zako kwangu," alimwambia Rosalia kwa sauti ya chini. "Na hukuchukua hata mti mmoja."

Rosalia aliinama. Alimbeba Yuliana mgongoni, akakaza kanga, akaanza kutembea nyuma ya mkokoteni. Nyuma yao, mwenye zamu mpya alikwisha kuingia shambani na jembe, anatengeneza mashimo pale pale ambapo wao walikuwa wamepanda. Ardhi ilikuwa nzuri, mvua ilikuwa imetosha, matawi yalikuwa ya mti uleule, na unga ulitoka mfuko mmoja. Kilichozidi upande mmoja ni mkono wa mwanamke asiyeweza kungoja. Kweli, mwenye pupa hadiriki kula tamu.