Nishani Iliyoita Kaka

Nyamazeni, niwape kisa kilichonikausha mate. Mmadi, baharia mgeni, alikwenda nchi ya watu kumtafuta mdogo wake aliyepotea. Akakuta wana wa mfalme wanapigania kiti cha baba yao, akajiunga na mkubwa. Katika moshi wa vita akaparamia merikebu ya adui, akamwua nahodha wa merikebu hiyo bila kumwona uso.

Desturi ya huko, nishani ya shujaa hufuliwa kwa pete ya adui aliyeuawa naye. Mkubwa akashinda, akawa mfalme mpya, akamvisha Mmadi nishani yake, watu wakapiga makofi.

Nishani ikalia, "Kaka!"

Ikalia tena, "Kaka Mmadi!"

Mmadi akaishika kwa mikono miwili. "Ni nani wewe?"

"Kaka Mmadi, mama alisema turudi pamoja."

Mmadi akaanguka chini. Kisa kimenifia mdomoni, jamani. Watu walikuwa bado wanapiga makofi.